Ua la Vinundu

Mzee mwenye fimbo nyeupe alisimama ghafla mlangoni mwa kituo cha treni, juu ya ua la vigae ambalo fundi alilimaliza kulipanga sakafuni jana kwa madaha.

"Kuna shimo hapa?" aliuliza.

Fundi akacheka. "Pita tu, mzee wangu. Hilo ni pambo."

"Pambo?" Mzee alipapasa kigae kwa ncha ya kiatu. "Mwanangu, sisi tusioona, vinundu hutuambia tusimame. Mistari hutuambia twende."

Fundi akaacha kucheka. Aliletewa vigae vya aina mbili, vya vinundu na vya mistari, na hakuna aliyemweleza kitu. Vya vinundu vilimpendeza, akavimaliza vyote kwenye ua. Vya mistari akavinyoosha kutoka dirisha la tiketi mpaka ukingoni kabisa mwa jukwaa, penye reli, akajipiga kifua kwamba havikupinda hata kidogo.

Akageuka.

Kule mbele, dada mmoja mwenye fimbo nyeupe alikuwa akiifuata mistari ile, upesi, kichwa juu, kama mtu aliye nyumbani kwake. Sakafu ilikwisha kuanza kutetemeka kwa treni iliyokuwa ikija.

"Dada!" Fundi alitimua mbio. "Dada, simama!"

Wanawake wote jukwaani wakasimama, wakageuka kumtazama.

Dada mwenye fimbo naye akasita. Akapapasa kigae kwa ncha ya kiatu, akaukuta mstari, akaendelea.