Msomaji wa Papa Ludovic

Xavérine alifungua kitabu cha mapishi ya Kiswidi, akakohoa kidogo, akaanza kumsomea Papa Ludovic mambo ya mapenzi.

Papa Ludovic, mwalimu wa zamani kutoka Bukavu, alikuwa amepofuka. Kila alasiri Xavérine alifika kwake mtaa wa Akalla, huko Uswidi, kumpikia na kumsafishia nyumba, kisha kumsomea. Mzee aliipenda riwaya moja tu, toleo la mwanzo la karne ya kumi na nane, lenye jalada la ngozi. Ndani yake hamna vita wala safari, ila yanayopita moyoni mwa bibi mmoja wa Kifaransa.

"Igeuze Kiswahili," alimwambia. "Kifaransa chake nimekizoea."

Siku moja Xavérine alikichukua kitabu kile bila ruhusa, ili ayatazame maneno magumu njiani. Aliposhuka kituo cha Kista, kikabaki kwenye kiti cha treni. Aliulizia kote. Hakuna aliyekiokota.

Aliogopa kusema. Akaanza kutunga.

Alisoma huku amekodolea macho picha za samaki wa kuokwa. Kwa kuwa walikuwa hawajafika mwisho, naye hakujua hadithi ilikoelekea, alimpa bibi yule moyo wake mwenyewe: chakula hakimpiti kooni, usingizi umemruka, na kila anapotendewa wema anatamani ardhi immeze. Zamani mzee hakukubali kusomewa kabla ya kulipapasa lile jalada. Siku hizi hakuliomba. Xavérine alimshukuru Mungu kwa hilo, kisha akaona haya kwa kushukuru.

"Bibi yetu bado anajuta?" mzee aliuliza leo.

"Bado, papa. Tena zaidi."

"Kosa lake kubwa hivyo?"

"Alimpotezea mtu kitu alichokipenda sana. Na mwenye kitu hajui."

Akageuza ukurasa ambao hakuwa ameusoma.

Mzee alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata wa Xavérine, akaushika.

"Mama," alisema taratibu, "bibi wa kile kitabu hajuti hata siku moja. Anakufa huku anacheka. Huyu wako ndiye ninayemsikiliza siku zote hizi. Mwambie kwamba mwenye kitu anajua tangu mwanzo, na alishamsamehe."