Hakimu wa Nta

Mkurugenzi alimnyanyua hakimu kitini, akamtia kwapani na kushuka naye ngazi, visigino vya mheshimiwa vikigonga kila kipandio. Alimsukumia stoo, katikati ya mafagio, akafunga kwa ufunguo.

"Mzee, ile nta nimeihangaikia miezi," alilalamika msaidizi wake, binti mchongaji aliyemfuata mbio.

"Sanamu ni uongo, binti yangu. Sisi hapa tunatoa ukweli."

Na ukweli alikuwa nao wa kumwaga. Jengo lilianza likiwa mahakama, likawa ghala la pamba, likawa shule, likawa wodi ya wazazi, na sasa kituo cha wageni wanaokuja kutazama historia yake. Kila chumba alikitundikia mabango ya maelezo, herufi ndogo kama chenga za mchele. Wageni waliyapita kama mtu anavyompita jirani waliyenuniana naye.

Basi wakawekeana sharti. Siku hiyo kila mgeni angeulizwa, akitoka, nini kimempendeza zaidi.

"Wakisema mabango, nta yako tutafanyia mishumaa," alisema mkurugenzi. "Wakisema kingine chochote, funguo za kituo ni zako. Endesha utakavyo." Alisema hivyo kwa ukarimu wa mtu aliyekwisha kushinda.

Akarudi ofisini kwake, ambamo zamani hakimu alipumzikia baina ya kesi. Kiti kirefu cha ngozi, meza nzito, hata saa iliyosimama, vyote alivitunza kama vilivyokuwa. Mlangoni kibao cha msaidizi kilikuwa bado kinaning'inia: CHUMBA CHA HAKIMU. TAFADHALI USIGUSE. Alikisoma mara mbili, hakuona kosa la kihistoria, akakiacha.

Aliketi na suti yake nyeusi ya mazishi na mikutano, mlango wazi, asikie mabango yakisifiwa.

Chakula cha mchana kilikuwa kizito. Alifumba macho kidogo tu, apange hotuba ya ushindi. Kwa mbali alisikia nyayo, minong'ono, kicheko kilichozibwa kwa kiganja. Wanasoma, alijiambia, na hotuba ikazidi kurefuka.

Jioni aliteremka, tai imepinda, akamkuta msaidizi kwenye lango pamoja na mgeni wa mwisho, mama mmoja aliyekuwa akirudisha miwani mkobani.

"Haya, mabango yamepata wangapi?"

"Hata mmoja, mzee. Wote wamesema hakimu." Msaidizi alikinga kiganja, akijiuma midomo asicheke. "Funguo."

"Hakimu gani? Nimemfungia stoo mimi mwenyewe, na ufunguo haujatoka mfukoni mwangu!"

"Jamani, mnagombana nini na kitu kiko wazi?" aliingilia yule mama. "Fundi aliyemtengeneza apewe tuzo. Kitambi, nywele za puani, mpaka udenda! Ila ile mashine ya kukoroma ipunguzeni sauti."