Kiti cha Ngiri

Kila kiangazi nyika iliungua, ndipo wanyama wakaunda Kamati ya Moto. Kila mjumbe alipewa kipande cha majani marefu kiwe kiti chake, na ilikuwa mwiko kuyala, maana urefu wa majani ndio ulikuwa heshima ya mjumbe. Majani ya mwenyekiti, Mzee Pofu, yalimfika mabegani.

Ngiri alipochaguliwa, siku ya kwanza tu alipiga magoti akala kiti chake chote, akafukua hata mizizi.

"Umetuaibisha, bibie," Pofu alisema. "Mjumbe gani hukaa vumbini?"

"Nilichaguliwa kwa ajili ya moto, mzee, si kwa ajili ya kukaa," alijibu Ngiri, akajilaza vumbini pake bila wasiwasi.

Kikao cha tatu hakijafunguliwa, moto ukaja na upepo, ukawazingira. Viti vikawaka kimoja baada ya kingine. Wajumbe wakakimbilia kwenye vumbi la Ngiri, wakabanana. Moto ulifika ukingoni, ukakosa cha kula, ukafa.

"Ahsante, mama," Pofu alisema kwa sauti ndogo, mkia umeungua. "Sasa tufanyeje?"

"Tufungue kikao," alisema Ngiri. "Ajenda ni moja. Majani yakiota tena, kila mjumbe ale kiti chake."