Tone Lililobaki Laini

Sheria ilikuwa moja: tone la damu lisipofanya mabuje, yaani madonge madogo, kwenye kisahani cha vijidudu vilivyokufa, mwenye damu hana kinga, na asiye na kinga haruhusiwi kulala nyumba moja na mtoto mchanga.

Nakijwa, mpimaji wa mtaa, aliyekuwa na kichanga nyumbani, alimpima mama mkwe wake mwenyewe, waliyeishi naye. Tone likabaki laini. Jioni maafisa wa afya wakaja kumchukua, kumpeleka kambi ya milimani.

"Usijilaumu, mwanangu," yule mama alisema, mto wake kwapani. "Umefanya kazi yako."

Hakuifanya. Kila mpimaji anajua kwamba kinga ikizidi sana, kila kijidudu huzingirwa peke yake, kisishikane na mwenzake, na tone huonekana laini kama la mtu asiye na kinga kabisa. Ndiyo maana damu huzimuliwa kwa maji ya chumvi, ikapimwa tena. Siku ile Nakijwa alikuwa ameshaishika chupa ya maji hayo, akakumbuka maneno ya mama mkwe asubuhi ile: "Uji wako una mabuje, kama kawaida." Akairudisha chupa kabatini.

Leo, siku ya tisa, alitoa kwenye friji damu iliyobaki, akaizimua. Mabuje yakatokea papo hapo, mengi kuliko aliyowahi kuyaona kwa mtu yeyote.

"Mama yuko kwenye simu," mumewe aliita kutoka chumbani. "Anasema anayenyonyesha asikose uji. Anauliza kama unakunywa."

"Mwambie nakunywa," alijibu Nakijwa, akafungua bomba na kukisuuza kisahani mpaka kikang'aa.