Kamba ya Mfalme Chini ya Kitanda

Keziah Tuppen alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, akiusukuma mkono wake chini ya kitanda cha mwanawe mpaka kile kipande cha kamba kikagota ukutani. Kilikuwa cha pima mbili tu, alichopewa na mjane wa jirani kwa mkate mmoja. Lakini ndani yake ulipita uzi mwekundu. Kila kamba ya mfalme ilisokotwa na uzi huo, na pale Chatham, mji wa manowari za mfalme, aliyekutwa nayo nyumbani hakuwa na la kujitetea.

Akainuka, akajipangusa vumbi magotini, akaenda mwenyewe kwa konstebo kumshtaki Enoch, mwanawe huyo.

Sababu ilikuwa imetia nanga mtoni. Manowari Berenice ilikuwa imerudi. Miaka ishirini na mbili baharini, vita vitatu. Katika vita vya kwanza ilimmeza mumewe. Katika vya pili, mabaharia wake walimkamata mwanawe mkubwa, Silas, mlangoni mwa kanisa, wakamburuta hadi botini kwenda kupigana. Halikurudi hata shati lake. Sasa alibaki Enoch, miaka kumi na tisa, msokota kamba.

Mwezi mzima Keziah aliitazama meli ile ikishushwa mizinga, ikang'olewa milingoti, mafundi wakigongelea vyuma kwenye madirisha yake kutwa kucha. Alijua maana yake. Kila ikitengenezwa, hufuata msako wa vijana.

Tena Bartle Crouch, mpiga mizinga aliyemburuta Silas, alikuwa amemsimamisha sokoni.

"Mama Silas, kumbe una mwingine. Na huyu ana mabega."

"Mguse, nikutoboe hilo jicho ulilobakiza."

Crouch alicheka mpaka wauza samaki wakageuka. "Safari hii simkimbizi mtu, mama. Tunaletewa."

Keziah alimtemea mate kiatuni akaenda zake. Muongo mkubwa. Hata kwa Silas alisema wanamwazima tu.

Usiku ule ndipo shauri lilipomjia. Mfungwa hapelekwi vitani. Jela ya mjini ilikuwa nyuma ya soko, hatua chache. Angempelekea mkate na jibini kila Jumapili. Kijana angenuna, angemtukana, potelea mbali, bora awe hai.

Mahakamani Enoch aliapa kwamba hakuwahi kuiona kamba ile. Kisha akamgeukia mama yake.

"Chumba changu unafagia wewe," akasema.

"Nyamaza."

"Nilikukosea nini?"

Hakimu hakuinua hata macho. Miaka miwili.

Keziah alishusha pumzi aliyokuwa ameizuia tangu manowari ile iingie mtoni. Akamsogelea karani, akamuuliza kwa adabu jela wanapokea chakula saa ngapi.

"Jela ipi, mama? Ya mjini imefungwa tangu Pasaka, homa iliwamaliza waliokuwamo." Karani alinyoosha kalamu dirishani. "Wafungwa wote sasa wanakaa kwenye Berenice. Imechakaa ile, haitaona vita tena."

Boti ilikuwa inakuja gatini. Mbele kabisa, na funguo zikining'inia kiunoni, alikaa Bartle Crouch.