Magunia Sita ya Sufi

Bi Mwashamba hakuwahi kutapeliwa na fundi hata mmoja, ukimtoa huyu wa dari, na yule wa choo, na yule wa kisima.

Sufi ile aliichambua mbegu kwa vidole vyake mwenyewe, magunia sita, ijazwe kati ya dari na mabati, ili mumewe aliyepooza upande mmoja asiokwe kitandani kama muhogo, na feni nayo ipumzike. Dari ikafungwa, joto likabaki pale pale. Feni ikala umeme kutwa, ikimpulizia mgonjwa moto.

"Fundi Shekue, mtu anapikwa humu! Sufi yangu iko wapi?"

"Iko juu, mama. Jua la mwaka huu ndilo kali."

"Na ile mito mipya ya mkeo?"

"Mama nawe! Ngoja nipande."

Akaweka ngazi, akajipenyeza kwenye tundu la dari. Hatua zake zikalia kama debe tupu.

"Imejaa tele, mama!" akapaza sauti. "Nimezama hadi magotini!"

Dari ikapasuka. Juu ya kitanda ukaning'inia mguu wa fundi, hadi gotini kweli, umejaa vumbi, hauna hata uzi mmoja wa sufi.

Mgonjwa akanyoosha mkono wake mmoja mzima, akaukamata.