Habari za Kishingo

Kijana aliyerithi chumba cha daktari wetu marehemu alichomoa kadi yangu kabatini. Nilishamnunia tangu mlangoni. Hata ndevu hazijamkubali.

"Mama, leo kuna sindano."

"Nipe vidonge tu, mwanangu."

Alikuwa anasoma mwandiko wa yule mzee, kidole kikifuata mstari mmoja, akaurudia. Kisha akavuta kiti, akaketi, akanipangusa bega kwa pamba ya baridi.

"Samahani, mama," akasema kwa haya. "Kishingo ameshaanza kutaga?"

Kishingo! Kuku wangu wa utotoni, shingo tupu kama kidole. Miaka arobaini na tano hakuna aliyemtaja.

"Anataga," nikajikuta najibu, "ila ana vituko! Juzi kaenda kutagia kwenye kapu la nguo, baba akavuta shati lake, akakuta..."

"Tayari, mama. Imekwisha."

Akasimama, akanisogezea kadi. Wino ulishapauka, lakini ulisomeka: *Anaogopa sindano. Muulize kama Kishingo ameshaanza kutaga.*

Niliishika plasta aliyonibandika begani.

"Hebu kaa, daktari," nikasema. "Sijamaliza."